Majibu ya Mdogo Wangu

Jumapili, 9 Machi

Mtu aliyewalazimisha watoto wa watu kuandika insha kila wiki hana haki ya kukaa tangu mwaka jana bila kuandika hata mstari. Nimekaa, na sina udhuru. Nilikuwa mzima, kalamu zilikuwepo, na jioni za mstaafu ni ndefu. Ukweli ni kwamba kila nilipofungua daftari hili nilikuta jambo la kuandika ni lile lile la jana yake, nikalifunga. Naomba radhi. Nitajaribu kuwa mwaminifu angalau kwa msimu huu wa mvua, kwa sababu safari hii kuna jambo jipya.

Jambo lenyewe linamhusu mdogo wangu. Anaishi nami tangu mama yetu alipofariki. Ana ugonjwa wa skizofrenia. Naliandika jina hilo kwa ukamilifu kwa sababu katika nyumba hii, kwa miaka mingi, tuliuita "uchovu wake" na "mambo yake", na wageni tuliwaambia kwamba amelala. Zamani alikuwa mpaka rangi wa majengo, fundi wa kutafutwa. Watu wa mtaani hadi leo wanamwita Brashi. Husikia sauti. Yeye anaziita wapangaji, kwa sababu, anasema, wanakaa bure na bado wanalalamika. Sindano ya kila mwezi huwanyamazisha, lakini humnyamazisha na yeye pia: hulala mpaka adhuhuri, mate humtoka, na mikono hutetemeka hata kifungo cha shati kikamshinda.

Sasa hospitali inatafuta watu wa kushiriki katika utafiti wa dawa mpya, na daktari wake wa kliniki amempendekeza. Alhamisi tunakwenda kusikiliza.

Alhamisi, 13 Machi

Chumba cha utafiti kiko mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Kina meza moja, viti vya plastiki, mizani ya kupimia uzito na jokofu dogo la kuhifadhia damu. Dirisha linatazama mahali magari ya wagonjwa yanapooshewa.

Daktari mtafiti ni mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Hakuanza na mimi. Aliburuta kiti, akaketi mbele ya mdogo wangu.

"Kuna vidonge vya aina mbili," alimwambia. "Vingine vina dawa mpya, vingine vina dawa tunayoijua siku zote. Kwa macho vinafanana. Kompyuta ndiyo inayochagua nani apate vipi. Ukianza, sindano tunaisimamisha."

"Na mimi nitajuaje nimepata vipi?"

"Hutajua. Hata mimi sitajua mpaka utafiti uishe."

Mdogo wangu alifikiri. "Basi leo tuko sawa, daktari. Wote hatujui."

Daktari alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kama ni sawa mtu aliye katika hali hii asaini mwenyewe, wakati dada yake mkubwa, anayemtunza, ameketi pale pale.

"Mwalimu, nimemwuliza ameelewa nini, na amenieleza vizuri. Ruhusa ni yake. Wewe tunakuomba uwe msindikizaji wake. Hakikisha anameza, na utuambie ukiona badiliko lolote."

Alisaini. Jina lake lilipanda na kushuka kwenye karatasi kama limeandikwa ndani ya gari linalokwenda.

Kisha muuguzi akaanza maswali. Utaratibu wao ni huu: kila baada ya wiki mbili, maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, yanasomwa kutoka kwenye karatasi. "Siruhusiwi kubadili hata neno, Mwalimu," muuguzi alinieleza. "Ndipo majibu ya mgonjwa wa hapa yanaweza kulinganishwa na ya mgonjwa wa mahali pengine." Utaratibu huo niliupenda. Majibu ndiyo niliyoshindwa kuyapenda. Aliulizwa kama katika wiki iliyopita amesikia sauti ambazo watu wengine hawakuzisikia, naye akaanza na wapangaji wa chumba cha mbele, akapitia kwa bosi wake wa zamani, akaishia kwenye bei ya rangi ya mafuta. Muuguzi aliandika yote. Mimi nilitazama sakafu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Paa la jikoni linavuja pale pale.

Ijumaa, 21 Machi

Anameza asubuhi na jioni mbele yangu.

"Fungua kinywa."

"Dada, nimemeza."

"Kinywa. Sasa inua ulimi."

"Hata uwanja wa ndege hawapekui hivi," alisema, lakini aliinua.

Jumatano, 26 Machi

Kesho ni siku ya maswali. Baada ya chakula cha jioni nilimketisha mezani tukafanya mazoezi. Maswali nimekwisha kuyashika. Mwalimu wa umri wangu akisomewa kitu kwa sauti, hakimtoki. Hata mwanafunzi hodari haingii kwenye mtihani wa mdomo bila kujiandaa, na sioni kwa nini mdogo wangu aingie akitapatapa mbele ya watu waliosoma.

"Je, kuna kitu chochote unachokishuku kwamba kinaweza kukudhuru?"

"Kuna yule jamaa wa..."

"Sikuuliza habari za jamaa. Jibu swali uliloulizwa. Anza na ndiyo au hapana, kisha sentensi moja."

"Ndiyo. Yule jamaa..."

"Jamaa gani? Amekufanya nini? Lini? Una hakika?"

Alinitazama, kisha akalitazama birika. "Hapana," akasema. "Sishuku kitu chochote."

"Vizuri sana. Linalofuata."

Tulimaliza mapema, nikammiminia chai.

Alhamisi, 27 Machi

Alijibu vizuri. Sentensi kamili, sauti ya wastani, macho kwa muuguzi. Muuguzi alinigeukia kwa mshangao, nami nikahisi kama siku za kutangazwa matokeo, pale jina la mwanafunzi uliyemkatia tamaa linaposomwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo alifunga vifungo vyote vya shati mwenyewe.

Binti yake alikuja mchana. Ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Ana maneno mengi, na kicheko chake kinasikika mpaka kwa jirani. Alimwona baba yake akibeba kikombe kilichojaa kutoka jikoni hadi sebuleni bila kumwaga tone. Akaweka mkoba wake chini.

"Shangazi, umeona?"

"Nimeona."

"Baba, hebu rudia."

"Nirudie nini? Mimi ni mhudumu wa hoteli?"

Hata hivyo alirudia, na akarudia tena, mpaka binti akaanza kujifuta macho kwa mtandio. Mimi nilikwenda jikoni nikasimama kidogo peke yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa. Amepanga mabeseni, ndoo na sufuria ya zamani uani kukinga maji ya paa. Nimempongeza. Siku za mvua bomba letu hutoa maji ya rangi ya kutu, na kujiwekea akiba ni tabia njema.

Jumatano, 9 Aprili

Mazoezi. Hakukosea hata jibu moja.

Alhamisi, 10 Aprili

Baada ya maswali daktari alinisindikiza koridoni. Alisema hajui mdogo wangu anameza vidonge vipi na hapaswi kubahatisha. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtu aliyetulia ambaye bado anaweza kushika kikombe ndiye wanayemtafuta tangu aanze kazi hii. Dawa za kutuliza zipo, alisema. Shida yao ni kile zinachokichukua. Aliniuliza kama nyumbani nimeona chochote cha kutia wasiwasi. Nilimjibu hapana, na ndivyo ilivyo.

Jumapili, 13 Aprili

Binti alileta brashi mbili, msasa na kopo la rangi ya krimu, na mdogo wangu ameanza kupaka ukuta wa ukumbini. Hakukurupuka. Alisugua kwanza, akaziba nyufa, akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, ndipo akafungua kopo. Nilikuwa nimesahau kwamba hupiga mluzi akiwa kazini.

Jirani alichungulia mlangoni. "Brashi, umerudi kazini? Kwangu unakuja lini?"

"Panga foleni."

"Mimi ni jirani."

"Ndiyo maana nimekuambia mapema."

Nilisogea kuona kama mstari wa chini umenyooka, nikanyoosha kidole. "Dada, usiguse," alisema bila kugeuka. "Haijakauka." Nikaurudisha mkono wangu. Miaka yote hii nimemhesabu mdogo wangu kuwa mzigo ninaoubeba bila kulalamika, na nimejivunia kutolalamika huko. Leo alikuwa fundi, nami nilikuwa mtu anayemzuilia mwanga.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Mabeseni yamejaa. Amejaza na chupa.

Jumamosi, 19 Aprili

Amekataa chai yangu. Anachemsha yake katika sufuria ndogo, kwa maji ya beseni. Nilimwuliza sababu. "Nimezoea yangu," alisema. Mtu niliyekuwa nikimfunga vifungo sasa anajipikia chai. Sitagombana naye kwa hilo. Ila anaisugua ile sufuria kupita kiasi.

Jumatano, 23 Aprili

Mazoezi hayana kazi tena. Nikianza swali, yeye anamalizia jibu.

Alhamisi, 24 Aprili

Ziara imekwenda vizuri. Mizani inaonyesha amepungua. Nilimwambia muuguzi kwamba ni kazi ya kupanda na kushuka ngazi akipaka rangi.

Jumatatu, 28 Aprili

Jua. Hakuna hata wingu. Maji yamebaki katika mabeseni mawili tu. Ameyafunika kwa mbao na kuweka matofali juu.

Jumatano, 30 Aprili

Jua tena. Ukuta umeachwa katikati. Midomo yake imepasuka, na mluzi umekatika. Nilimwambia anywe maji. Alisema atakunywa.

Jumamosi, 3 Mei

Naandika haya kwenye benchi la wodi, na mwandiko haunipendezi.

Jana mchana nilirudi kutoka sokoni nikamkuta ameketi sakafuni ukumbini, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha kama mtoto. Uani mabeseni yote yalikuwa yamepinduliwa, makavu. Nilimsemesha, ulimi wake ulikuwa mzito na macho yameingia ndani. Nikakimbilia bombani nikamletea glasi ya maji.

"Siyo hayo, Dada."

"Ni maji. Kunywa."

"Hayo yametiwa kitu. Yaliyo safi ni ya juu tu. Mimi nasubiri mvua."

"Nani amekuambia?"

"Wapangaji. Wamerudi wote. Na wengine wapya."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kukinga."

Nilichuchumaa mbele yake. Nilisikia sauti yangu ikipanda, ile ya darasani. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza, Dada," alisema polepole, kama mtu anayeogopa kumkosea adabu mkubwa wake. "Si kila Jumatano uliniuliza? Nikisema ndiyo unakasirika, maswali hayaishi. Nikisema hapana, tunakunywa chai."

Badala ya kumjibu nilitumia nguvu. Nilimshika kidevu nikaisukuma glasi mdomoni. Akauma meno. Maji yakamwagika kifuani. Nikajaza tena, na mbele yake nikanywa nusu ya glasi mimi mwenyewe, ili aone. Ndipo alipoanza kulia. Hakujililia mwenyewe. Alikuwa ananililia mimi, kwamba sasa na mimi nimekunywa.

Nilimpigia simu binti yake. Alikuja na gari la duka, lile la kubebea saruji, na dereva akatusaidia kumwinua. Njiani alizimia begani kwangu. Alikuwa mwepesi. Hapa walimtundikia dripu, naye hakupinga kwa sababu hakuwa na nguvu za kupinga. Figo zimeathirika, wanasema, lakini zinaweza kurudi.

Jioni binti alikaa upande wa pili wa kitanda.

"Shangazi, hukuona? Mabeseni yote yale?"

"Niliona."

"Ukadhani nini?"

"Nilidhani anahifadhi maji."

Alinitazama, kisha akamfunika baba yake miguu.

Jumatatu, 5 Mei

Nilimwomba daktari mtafiti nafasi, nikamweleza yote: jinsi nilivyoyashika maswali, mazoezi ya usiku wa kuamkia kila ziara, uso wangu kila aliposema ndiyo. Nilitamani anikaripie, nimekaripia watu maisha yangu yote na ningejua pa kusimama. Hakunikaripia. Aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo majibu yale hayakuwa yake."

"Yalikuwa yangu, kwa sauti yake."

"Unajua tunayafanyia nini majibu yale, Mwalimu?"

Nilisema najua. Hakuonekana kuamini.

"Kuna mtu mwingine mahali, ana dada kama wewe au mama kama wewe. Anasubiri tuamue dozi gani inatosha na ipi haitoshi. Tunaamua kwa majibu kama yale. Wewe ulituambia kuna ukimya mahali ambapo palikuwa na kelele."

"Ndiyo."

"Na mimi nikafurahi," alisema, akageukia dirishani. "Nikakuambia nimefurahi. Hilo nalo ni kosa, na ni langu."

Ataripoti kwa kamati ya utafiti, na majibu ya ziara zile yatawekewa alama yasitumike. Vidonge vimesimamishwa kwa sasa. Anapewa dawa ya muda ya kumtuliza.

"Na mikono?" nilimwuliza. "Mikono nayo ilikuwa uongo?"

"Mikono hukumfundisha wewe. Ile ni ya kweli."

Nilimwuliza kama mdogo wangu ataondolewa. Alisema kamati ikiruhusu, watazungumza akishapata nafuu.

"Niwe hapa siku gani?"

"Tutazungumza naye, Mwalimu," alisema. "Naye."

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imerudi. Aliitazama kupitia dirisha la wodi. Anakunywa maji ya chupa, mradi kifuniko akifungue mwenyewe. Muuguzi wa utafiti hupita kumsalimu, nami nikimwona nainuka na kwenda kutembea koridoni.

Jumapili, 11 Mei

Tuligombana, mimi na binti, kando ya kitanda, tukidhani amelala.

"Arudi kwenye sindano," nilisema. "Kwenye sindano hakuwahi kukaribia kufa."

"Wala kuishi, Shangazi."

"Hayo ni maneno ya kupendezesha. Mimi ndiye ninayemkuta sakafuni."

"Na mimi ndiye niliyekua nikimwona amelala. Nikimaliza shule, amelala. Nikianza kazi, amelala. Mwezi ule mmoja ndio nimemjua baba yangu anafananaje akiwa macho."

"Alikuwa macho akisikiliza watu wasiokuwepo."

"Alikuwa anapaka ukuta."

"Na alikuwa anakufa kwa kiu huku akiupaka."

"Mnagawana urithi?" mdogo wangu aliuliza, macho bado yamefumbwa. "Bado nipo."

Binti alicheka, kisha akashindwa kuacha, kisha hakikuwa kicheko tena. Mimi nilikunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Figo zinaendelea vizuri. Amekula.

Jumatano, 14 Mei

Kamati imejibu, na daktari alikuja na kiti chake. Mdogo wangu alitaka nami niwepo, nikakaa nyuma, karibu na kabati.

Alimweleza njia zilizopo. Anaweza kubaki katika utafiti: atalazwa wiki za mwanzo, vidonge vianze tena taratibu, damu ipimwe kila mara, na maswali ataulizwa akiwa peke yake, mlango umefungwa. Au anaweza kutoka, arudi kwenye sindano na nyumbani. "Ukitoka, hakuna atakayekukasirikia," alisema. "Kliniki yako inakusubiri kama zamani."

"Nikibaki, wapangaji watahama?"

"Sijui. Safari ile hawakuhama, lakini hatukujua, kwa hiyo hatukubadili dozi. Safari hii tukijua mapema tunaweza kubadili. Inaweza isitoshe."

"Nikirudi kwenye sindano?"

"Nadhani watanyamaza."

"Na mikono?"

"Nadhani itaanza kutetemeka tena."

Aliiinua mikono akaitazama. Imeanza kutetemeka kidogo, kwa ile dawa ya muda.

"Wewe daktari, mambo mengi huyajui."

"Ningeyajua nisingekuwa nafanya utafiti."

"Na yale majibu niliyojibu. Yamemdhuru mtu?"

"Hapana. Yameondolewa kabla hayajafika mbali. Dada yako alisema ukweli."

"Mimi je? Nilisema uongo?"

Daktari alisogeza kiti. "Ulijibu kama mtu anayetaka maswali yaishe. Hiyo ni kawaida. Mimi mwenyewe nilipaswa kuligundua, majibu yalikuwa safi mno."

Mdogo wangu aliomba muda wa kufikiri. Walikubaliana wiki moja. Katika kikao chote kile hakuruka kutoka jambo moja hadi jingine hata kidogo. Au labda aliruka, na safari hii nilikuwa nikimsikiliza. Daktari alipoondoka, alinigeukia.

"Dada, usiniulize."

"Sitakuuliza."

"Hata kwa uso."

Alhamisi, 15 Mei

Nilipeleka nguo safi. Mvua ilikuwa ikipiga paa la bati la wodi kiasi kwamba ilibidi tukae karibu ili tusikilizane. Alikuwa akisikiliza, sijui mvua au wapangaji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikubali kutojua.

Lazima niandike ninachokitaka, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukiweka. Nataka arudi kwenye sindano. Nataka nyumba tulivu na mtu anayepumua katika chumba cha pili. Nikijihoji kwa ukali ninaowahoji nao wengine, sina hakika kwamba utulivu huo nautaka kwa ajili yake.

"Wewe unataka nini, Dada?" aliuliza ghafla.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limepangwa, lina mwanzo na mwisho. Nilimtazama mtu huyu mwenye mvi ambaye bado namwita mdogo.

"Sikuambii."

"Unajua lakini."

"Najua. Sikuambii."

Alinitazama kwa muda, akitafuta usoni kile alichozoea kukipata humo. Nilijitahidi nisimpe kitu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyotarajia.

"Haya," alisema, akajilaza. "Leo umekosa jibu."

Daktari atakwenda kwake Jumatano asubuhi, na mlango utafungwa. Mimi nitakuwa nje, koridoni, pamoja na binti yake, na hatutazungumza juu ya jambo hilo, tumeapiana. Sioni faida ya kuandika chochote kabla ya hapo, maana kila nitakachoandika kitakuwa ni mimi ninayemjibia. Mlango ukifunguliwa, akaniambia alichoamua, nitarudi kwenye ukurasa huu niandike neno lake kama litakavyotoka, hata kama ni lile nisilolitaka.